Vyombo Nilivyovukia Pantoni

Nilipohama kutoka Kigamboni, ng'ambo ya maji ukiwa mjini Dar, mwaka 2019, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilienda safari mbili tu, maana hizo ndizo mume wangu alizopatana na dereva. Safari ya kwanza ilibeba vitanda, magodoro, jokofu na kabati la nguo. Ya pili ilibeba meza, viti, mtungi wa gesi, mabegi ya shule ya watoto, na vyombo vya jikoni vile vilivyokuwa karibu na mkono: masufuria matano, sahani, vikombe, visu viwili, mwiko, upawa, chupa ya chai. Vilivyobaki vilijaa maboksi manne na gunia moja. Tukavipeleka stoo kwa wifi yangu, nyumba ya tatu kutoka pale tulipokuwa tunakaa, nikamwambia, "Wifi, Jumamosi navifuata."

Jumamosi ile sikwenda, wala iliyofuata. Tulikuwa tumehamia ghorofa ya tatu huko Kinondoni, vyumba viwili na sebule, na jiko ambalo nikisimama katikati nikanyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Lina rafu mbili na droo moja. Nilipoingia mle siku ya kwanza, baada ya miaka tisa ya jiko la Kigamboni lenye mlango wa uani, nilidhani nitalia. Badala yake nilipumua. Kila nilichokitaka nilikiona. Sikuwa na haja ya kuhamisha vitu vitatu ili nikipate cha nne, wala hakuna kilichoniangukia kichwani nilipofungua kabati. Nikasema basi, maboksi yale yakae hukohuko.

Ndipo nikajiwekea sheria: chombo chenye kazi moja hakiingii jiko hili. Wengi wanaohimiza nyumba isiyo na mrundikano husema hivyo, na ilinikaa akilini. Kisu kinakata vyote. Sufuria inapika vyote. Kwa nini niweke chombo kinachosubiri siku yake moja kwa mwezi? Sheria hiyo niliishi nayo miezi minne.

Lazima nieleze maboksi yale yalitoka wapi, maana ndiyo asili ya mrundikano katika nyumba nyingi za hapa Dar. Yalitoka kwenye kicheni pati yangu, shughuli ya kumtunza bibi harusi vyombo vya jikoni, mwaka 2010. Anayejua mambo hayo anajua: kamati inakaa, kila mtu anapangiwa chombo, na siku yenyewe vyombo vinaletwa kwa ngoma vimefungwa riboni. Nilipata mashine ya kuchomea slesi. Nilipata mashine ya bisi, mashine ya donati, kikata mayai chenye nyaya, mashine ya kukatia viazi vya chipsi, mashine mbili za kukamulia machungwa, na brenda yenye majagi matatu. Wakina mama walinipa kwa upendo, na mpaka leo nikiwataja nawaombea heri. Mama yangu alikuja kutoka Pangani na vitu vyake kwenye gunia: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, kinu na mchi wake, chuma cha vitumbua, na mashine ya tambi ya shaba iliyokuwa ya bibi. Vitu hivyo havikufungwa riboni. Viliwekwa nyuma ya meza, picha zikapigwa, na hakuna picha hata moja ambayo vinaonekana.

Mwezi wa nne wa Kinondoni, mama akaja kututembelea. Siku ya Ijumaa nilitaka kumpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula alichonilelea. Brenda nilikuwa nayo, nimenunua ndogo ya jagi moja, kwa sababu brenda ina kazi nyingi na sheria yangu iliiruhusu. Nikabandua nazi kwa kisu, nikaikata vipande, nikatia kwenye jagi na maji ya vuguvugu. Visu havikuzunguka. Nikaongeza maji. Havikuzunguka vizuri. Nikaongeza tena, vikazunguka, na umeme ukakatika.

Nilibaki na jagi la maji meupe yenye punje ngumu ndani yake, na ngozi ya kahawia ya nazi ikielea juu. Nikachuja hivyohivyo. Tui lilitoka jepesi tangu la kwanza, na samaki wa kupaka hapikwi kwa tui jepesi. Lile rojo linatakiwa limshike samaki, lisimtiririke. Nikagonga milango mitatu kuazima mbuzi. Jirani mmoja ni mtu wa Bukoba, mwingine wa Njombe, watu wa bara wasio na mbuzi, na wa tatu alisema yake ilivunjika siku nyingi. Nikarudi ndani. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa jiko, ametazama jagi, hajasema neno. Kisha akauliza, "Mwanangu, mbuzi yako iko wapi?"

"Iko Kigamboni, mama. Kwa wifi."

"Kesho nitavuka mwenyewe nikaichukue."

Hakulisema kwa ukali. Ila mimi sikuweza kumwacha mama yangu mwenye magoti mabovu apange foleni ya pantoni, kile kivuko cha Kigamboni, kwa ajili ya nazi zangu. Nikavuka mimi. Daraja la Kigamboni lipo tangu 2016, lakini ukiwa kwa miguu kutokea mjini, pantoni ndiyo njia: wakati ule shilingi 200 kwenda, shilingi 200 kurudi, na umati wa Jumamosi asubuhi pale Feri. Nilirudi nimeishika mbuzi kwapani imekunjwa, shingo yake ya chuma nimeifunga kanga isimchome mtu.

Ijumaa ile ilinipa kipimo ambacho sheria yangu haikuwa nacho. Sikuwa tena najiuliza chombo kina kazi ngapi. Nikawa najiuliza: je, kwa hiki ningevuka pantoni?

Ngoja niiseme mbuzi vizuri, kwa sababu naona inapotea. Ni vibao viwili vilivyopitana kama mkasi. Ukivifungua vinakuwa kigoda kifupi, ukivikunja vinalala bapa. Mbele imejitokeza shingo ya chuma, na kichwa cha chuma hicho ni duara lenye meno. Yangu inakaa nyuma ya mlango wa jiko, na nafasi inayochukua ni ndogo kuliko ya ufagio. Nazi unaipasua kwa mgongo wa panga, unaigonga kiunoni mwake huku ukiizungusha mkononi, mpaka usikie mlio umebadilika. Hapo unaweka bakuli chini, kwa sababu pigo linalofuata ndilo linalomwaga maji. Unakaa juu ya kigoda kwa upande, sinia chini ya meno, kifuu kwenye kiganja. Bibi alinifundisha kuanzia ukingoni. Husukumi kwa nguvu. Unazungusha kifuu kidogokidogo, na mkono unasikia: nyama laini ina sauti yake, na ukikaribia ganda sauti inakuwa kavu na inakwaruza. Ukiona kahawia, umeshafika, zungusha. Kahawia ikiingia, tui linapoteza weupe wake, na mama ataona kabla hajaonja.

Kinachoanguka kwenye sinia ni nazi nyeupe, laini, nyepesi kama pamba, na kavu. Ukavu huo ndio sababu brenda haiwezi kuchukua nafasi yake kwangu. Nazi iliyokunwa kwa mbuzi unaweza kuikamua kwa maji kikombe kimoja tu ukapata tui zito la kupaka, kisha la pili na la tatu kwa ajili ya wali. Unaweza kuitia kwenye sukari na iliki ukapika kashata, jambo ambalo nazi iliyosagwa na maji haikubali. Na umeme ukikatika, haina habari. Wakati wa mgao wa mwisho wa mwaka 2023, kuna wiki ambazo mbuzi ile ilishuka ngazi na kupanda kila siku. Yule jirani wa Njombe aliizoea mpaka akawa anaichukua bila kubisha hodi, na mimi nilifurahi.

Kifumbu, kwa upande mwingine, sikukifuata. Nakipenda. Kimesukwa kwa ukindu na mikono ya watu ninaowajua, na tui linalopita humo halina hata unyuzi. Lakini kifumbu kinataka jua kila siku baada ya kuoshwa, la sivyo kinachacha na kuota ukungu, na jiko langu la Kinondoni halioni jua. Sasa nachujia kwenye chujio la kawaida na kitambaa cheupe. Si sawasawa, lakini inatosha. Nasema hivi ili mtu asidhani kwamba kila cha bibi lazima kibaki. Chombo kinachoishi kwa jua hakiwezi kuishi nyumba isiyo na jua, hata ukipende namna gani.

Kuhusu kidole changu nitasema kwa kifupi. Kifungulia kopo nilikiacha kwenye boksi kwa sababu kina kazi moja, na kisu kinaweza kufungua kopo. Ni kweli kinaweza. Siku moja kiliteleza kwenye kopo la nyanya, bati likapita kwenye gumba la mkono wa kushoto, nikashonwa nyuzi nne kwenye zahanati, na kwa wiki mbili sikuweza kukanda wala kufua. Kifungulia kopo kinaingia kwenye kona ya droo. Kwa hicho sikuvuka, nilinunua kipya jioni ileile dukani chini. Tangu hapo sisemi tena kwamba kisu kinafanya kila kitu. Chombo kinachokulinda mkono kina haki ya kukaa hata kama unakigusa mara moja kwa wiki tatu.

Safari ya pili ya pantoni ilikuwa ya chuma cha vitumbua.

Watoto wangu walizoea vitumbua vya Jumamosi. Mchele unalowekwa usiku wa Ijumaa, asubuhi unasagwa na tui zito, unatiwa hamira, sukari na iliki, unafunikwa mpaka uumuke na juu yake yatokee matundu. Wiki za mwanzo Kinondoni niliujaribu mchanganyiko huo kwenye frampeni, kijiko kijiko. Ulitandaa. Vikawa kama vichapati vya maji vyenye utamu, si vibaya, lakini mwanangu wa mwisho, miaka sita wakati huo, alikishika kimoja akakigeuza huku na huku akauliza, "Mama, tumbo lake liko wapi?" Na kweli, kitumbua bila tumbo si kitumbua. Kinataka tundu lenye kina, lililozungukwa na chuma kizito chenye joto, ili ukingo ukauke uwe kahawia wakati katikati bado ni laini. Hilo tundu halipo kwenye chombo kingine chochote jikoni.

Chuma changu kina matundu saba. Nilikileta, nikakiweka sinki, nikaenda kazini. Msichana anayenisaidia kazi za nyumbani, mtoto mwema sana, alikiona cheusi tii akadhani ni uchafu wa stoo. Alikisugua kwa stilwaya na sabuni ya unga saa nzima, kikang'aa. Alikuwa anajivunia, na sikuwa na moyo wa kumwambia pale pale. Jumamosi vitumbua vyote saba vya mkupuo wa kwanza viling'ang'ania. Ukivigeuza, tumbo linabaki tunduni na kofia inatoka. Mkupuo wa pili hivyohivyo.

Weusi ule ulikuwa mafuta ya miaka yaliyoungua juu ya chuma mpaka yakawa ngozi. Mama aliijenga kabla hajanipa mimi. Nikampigia simu, akanielekeza, na nakuelekeza vilevile. Kikaushe motoni mpaka unyevu wote uishe. Kata kitunguu maji nusu, kichome kwa uma, kichovye kwenye mafuta, usugue kila tundu chuma kikiwa cha moto. Acha kitoe moshi, zima, kipoe, rudia. Fanya hivyo siku kadhaa. Kisha pika vitumbua vichache vya unga mbaya, vitupe, ndipo upike vya kula. Kuanzia hapo usikioshe kwa sabuni. Kipanguse kikiwa bado na joto, kipake mafuta kidogo, kifunge kwenye gazeti. Ilinichukua wiki mbili na Jumamosi mbili za kukosa. Yule binti tulikaa naye tukafanya pamoja, na leo ndiye anayenionya mimi, "Dada, usikimwagie maji." Anavigeuza vitumbua kwa spoku ya baiskeli aliyoipinda ncha mwenyewe, haraka kuliko mimi.

Kuna mama anauza vitumbua hapo chini ya ghorofa letu kila asubuhi, tena vizuri, na siku za kazi ndivyo tunavyokula. Mtu anaweza kuniuliza kwa nini basi nimeng'ang'ania chuma kizito hivi. Nililifikiria hilo sana nilipofika kwenye suala la kinu. Kinu changu kikubwa kilikuwa cha kutwangia kisamvu. Ghorofa ya tatu huwezi kutwanga. Nilijaribu mara moja, jirani wa chini akapanda kuuliza kama kuna fundi anavunja ukuta. Na sokoni kisamvu kinauzwa kimeshatwangwa, unapima kwenye mfuko, unapika jioni. Sikuona upungufu wowote. Kutwanga kisamvu kwangu kulikuwa ni kazi tu, na kazi hiyo mtaa unaifanya kwa niaba yangu. Lakini kupika vitumbua Jumamosi asubuhi, watoto wamejipanga na sahani, kile cha kwanza kinagombaniwa, hiyo ni saa bora ya wiki yangu. Siwezi kuinunua chini. Kinu nikakirudisha Pangani kwa basi, nikabaki na kile kidogo cha kutwangia saumu na iliki, kinachokaa karibu na jiko na kufanya kazi kila siku ya Mungu.

Kibao cha chapati na mti wake vilivuka katika safari hiyohiyo ya pili, na kwa hivyo sihitaji kueleza sana. Nilikuwa nimejaribu kusukuma kwa chupa ya soda juu ya meza. Chupa ina kiuno, chapati inatoka na matuta. Meza iko juu mno, mabega yanauma baada ya chapati nane, na sisi ni watu wa chapati ishirini. Kibao chenye miguu mitatu unakiweka unapotaka, unaketi, unageuza kibao badala ya kugeuza chapati. Kinaning'inia ukutani kwenye msumari.

Mashine ya tambi ndiyo iliyonisumbua akili. Hii ni ile ya bibi, ya shaba, nzito, unajaza donge la unga wa dengu, unazungusha mkono wa juu, na tambi zinashuka kwenye mafuta ya moto kupitia sahani yenye matundu. Ina sahani tano: za tambi nyembamba, za nene, za bapa, na mbili ambazo sijawahi kuzitumia. Niliivukia pantoni wiki moja kabla ya Ramadhani ya 2020. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, mashine ikakaa juu ya rafu miezi kumi na moja, ikikusanya vumbi katika jiko lenye rafu mbili. Kwa kipimo changu ilistahili kubaki, kwa sababu niliivukia. Kwa macho yangu ilikuwa inanibana kila siku.

Jibu lilitoka kwa shangazi yangu, bila yeye kujua. Nilimtembelea Tanga mjini wakati wa khitma ya jamaa yetu, nikaona masufuria ya pilau yakiletwa kwenye mkokoteni, makubwa, mtoto anaweza kusimama ndani. Nikamuuliza, "Shangazi, haya ni ya nani?" Akashangaa swali. "Ya mtaa." Wanawake wa mtaa ule waliyanunua kwa michango, yanakaa kwa mmoja wao mwenye chumba cha uani, mwenye shughuli anayachukua, anayarudisha yamesuguliwa. Nimekulia humo na nilikuwa nimesahau. Hakuna nyumba hata moja Pangani niliyoijua mimi iliyokuwa na sufuria ya watu mia mbili ndani ya jiko lake, na hakuna shughuli iliyokosa sufuria. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwa nguo nakubali. Kwa sufuria ya shughuli na mashine ya tambi sikubali.

Niliporudi nikazungumza na wanawake wa ghorofa letu. Sasa mashine ya tambi inakaa kwa jirani wa ghorofa ya chini ambaye ana stoo chini ya ngazi, imefungwa kwenye mfuko na sahani zake tano zimehesabiwa. Ikifika mwishoni mwa Shaabani inatoka, inapita nyumba sita, kila nyumba usiku wake. Usiku wa kwanza huwa kwangu, kwa heshima ya bibi. Sufuria kubwa ya biriani ya mmoja wetu tumeifanyia hivyohivyo, na kitu cha kuokea keki ya ngazi tatu cha mwingine. Nikitazama rafu yangu naona imepumua, na chombo cha bibi kinafanya kazi mara sita zaidi ya kilivyofanya nilipokuwa nakimiliki peke yangu.

Mwaka 2021 wifi akanipigia simu, akasema anataka kukigeuza kile chumba cha stoo kiwe cha kupangisha, kwa hiyo nije tumalize. Nilikwenda Jumapili, tukafungua maboksi sakafuni, yeye na mimi, na chai. Miaka miwili ilikuwa imepita. Katika maboksi manne hakukuwa na kitu ambacho nilikuwa nimekikosa. Mashine ya bisi: bisi tunapika kwenye sufuria yenye mfuniko, watoto wanapenda kusikia zinavyopasuka. Mashine ya donati: maandazi yangu hayajawahi kuhitaji tundu. Kikata mayai nyaya zake mbili zilikuwa zimekatika. Slesi tunazichoma kwenye frampeni. Machungwa tunakamua kwa mkono.

Mashine ya kukatia viazi niliishika muda mrefu. Ni chombo kizuri sana, chuma kigumu, unavuta mkono mara moja na kiazi kizima kinatoka vipande vilivyo sawasawa. Tatizo lake halikuwa kazi moja. Tatizo lake lilikuwa kwamba nyumba yangu haikaangi chipsi zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Njiani kutoka kwa wifi kwenda Feri kulikuwa na kijana anakaanga chipsi mayai, nilimwona akikata viazi kwa kisu, ndoo nzima, vidole vimekunjamana kwa maji. Nikarudi kwa wifi, nikaichukua, nikampelekea. Aliijaribu kwa kiazi kimoja, kisha cha pili, kisha akanitazama kama anayetaka kuniuliza bei. Nikamwambia ni yake. Nilipopita pale miezi kadhaa baadaye ilikuwa imepigiliwa bolti kwenye ubao wa meza yake, mkono wake umeng'aa kwa kushikwa.

Hivyo jikoni kwangu leo, ukiondoa masufuria na vyombo vya kulia, vimebaki vyombo vya kazi moja vichache, na vyote vina mahali pake: mbuzi nyuma ya mlango, chuma cha vitumbua kwenye gazeti lake chini ya jiko, kibao cha chapati na mti wake ukutani, kinu kidogo, chujio la chai, kifungulia kopo, na kile kibati cha matundu cha kukwaruzia tangawizi. Brenda ipo, naitumia kusaga nyanya, na ninaitendea haki.

Mwaka jana mpwa wangu wa kike, mtoto wa dada yangu, aliolewa. Kamati ya kicheni pati ikanipangia mashine ya kukaangia bila mafuta. Nikamwita binti kwanza, nikamuuliza: Jumamosi asubuhi huwa unapika nini? Hakufikiri hata kidogo. "Vitumbua, mama mdogo. Kama vile vyako." Nikaiomba kamati, kwa heshima zote, wanibadilishie. Wengine hawakupenda, wakaona nakwepa gharama. Nikachangia fedha za ile mashine ili mwingine ainunue, na langu nikalifanya.

Nilikwenda mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwa mafundi wa chuma, nikachagua chuma kipya cha matundu saba, nikagonga ukingo kusikia kama kina ufa. Kilikuwa cha kijivu, kikavu, kina mabaki ya mchanga wa kalibu. Zikiwa zimebaki wiki tatu nikaanza: kitunguu, mafuta, moshi, kipoe. Kila usiku watoto wakilala. Msichana wangu akanishikia zamu usiku niliochelewa. Wiki ya pili kikaanza kuwa cha kahawia, ya tatu kikawa cheusi. Nikapika ndani yake vitumbua vya kwanza, vikatoka vyote saba, matumbo yao kamili, tukavila.

Siku ya shughuli nilikifunga kwenye karatasi nzuri ya maua. Kufika ukumbini mafuta yalikuwa yamepenya, karatasi ina madoa saba ya duara upande wa chini. Dada yangu aliyatazama, akakichukua mikononi mwangu, akakiweka mbele ya meza.